Picha Mbili za Mama Angèle

"Mayi iko safi," Joachim alisema. "Safi kabisa, Inspectrice. Ukitafuta kadudu mu hii chupa, utazeeka mbele ya kukaona."

Émérence Kalenga alikuwa mkaguzi wa vyakula na vinywaji mjini Likasi. Alivaa miwani yake, akaisoma ile karatasi ya maabara kutoka juu hadi chini, kisha akairudia kutoka chini hadi juu. Namba za vipimo zilikuwa zenyewe. Tarehe ilikuwa yenyewe. Sahihi na muhuri vilikuwa vya Joachim, na Joachim mwenyewe, aliyepima maji kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa amekaa mbele yake akimenya karanga.

"Hii signature ni yako?"

"Ni yangu. Na cachet ni yangu. Weye ulizania ni faux?"

"Nilizania."

"Basi pole." Akamsukumia karatasi ya karanga katikati ya meza. "Kamata, kula. Unatembea na tumbo wazi tangu asubuhi, minaona macho yako."

Émérence alichukua karanga tatu, akashukuru. Siku mbili nzima alikuwa ameifuata njia hiyo, akiamini kwamba cheti cha kampuni ya maji ya Bumi kilikuwa cha kughushi. Sasa njia imegonga ukuta. Ilikuwa Alhamisi, saa nne ya asubuhi, na saa zake zilikuwa zinahesabika.

Jumanne alikuwa ameweka muhuri wa serikali kwenye mlango wa ghala la Bumi, upande wa Panda. Ndani yake mlikuwa na katoni elfu nne za maji ya chupa. Muhuri wa namna hiyo huishi siku tatu tu. Ijumaa saa sita mchana, kama mkaguzi hajaleta ushahidi, mlango unafunguliwa, na malori yaliyokuwa yakisubiri nje yangebeba zile katoni mpaka Kambove, mpaka Kolwezi, mpaka kila kibanda cha barabarani.

Si maji yaliyomfanya afunge ghala. Ni maneno. Kila chupa ilibandikwa karatasi ya buluu, na juu yake yaliandikwa haya: *Inaosha figo. Inashusha sukari na tension ya damu. Inafukuza madini mwilini.* Katika mji ambao kila nyumba ina mtu aliyevuta vumbi la kiwanda, au aliyechimba mgodi wa Kamatanda, au aliyeingia kwa kujificha mgodi wa urani wa Shinkolobwe, neno lile la tatu lilijiuza lenyewe. Muuguzi wa dispensari ya Kikula ndiye aliyekuja ofisini kulia. Wagonjwa wake watano wa sukari walikuwa wameacha kuja kuchukua vidonge. Alipowafuata nyumbani alikuta chupa za Bumi mezani. Wa tano, Papa Georges, seremala mzee, alimkuta amelala kitandani, anaitwa haitiki. Mpaka leo yuko hospitali na mirija mkononi.

Sheria nayo haikuwa na giza. Muuza maji hana ruhusa ya kusema maji yake yanaponya mpaka Wizara ya Afya impe karatasi, na Bumi hawakuwa nayo. Lakini mkurugenzi wao wa mauzo, Rolly Numbi, alikuwa na jibu lililokwisha kupikwa. Yale maneno ya karatasi ya buluu hayakuwa ya kampuni. Chini yake palikuwa na picha mbili ndogo na jina: *Mama Angèle, wa Kikula.* "Shiye hatusemi kitu," Rolly alikuwa ameeleza. "Ni mama njo anasema. Ni témoignage, ushuhuda yake. Munataka kukatalia muntu kushukuru Mungu?" Na Chef Germain, mkuu wa Émérence, alikuwa amekuna kichwa. "Émérence, kama témoignage ni ya kweli, nitabashika na nini?"

"Joachim," Émérence alisema akivua miwani, "ulipima mayi. Maneno ulipima?"

Joachim alicheka mpaka ganda la karanga likamruka mdomoni. "Maneno haingie mu machine yangu, mama."

"Basi hiyo nitapima minye."

Picha kubwa ya Bumi ilikuwa kwenye ukuta wa soko la Kikula tangu mwezi wa sita. Émérence alikuwa ameipita mara nyingi, kama mtu anavyopita mti wa kwao. Siku hiyo alisimama mbele yake juani. Mwanamke aliyeuza nyanya alimwangalia kidogo, kisha bila neno akausogeza mwavuli wake mkubwa hatua mbili, kivuli kikamfikia.

"Aksanti, mama."

"Jua ni ya bure, lakini kichwa si ya bure," muuza nyanya alisema, akaendelea kupanga nyanya zake.

Kwenye ukuta palikuwa na wanawake wawili ambao ni mmoja. Upande wa kushoto, *AVANT 2022*, yaani kabla: Angèle amekonda, mifupa ya shingo imetokeza, macho yameingia ndani. Amevaa kitenge cha zambarau chenye njiwa weupe. Upande wa kulia, *APRÈS 2025*, yaani baada: Angèle amejaa mashavu, anacheka, mikono minene. Amevaa kitenge cha manjano chenye vikombe vyekundu. Katikati, chupa ya Bumi kubwa kama mtu.

Émérence aliangalia mashavu, akaangalia shingo, akatafuta kama kichwa kimebandikwa juu ya mwili wa mtu mwingine. Hapana. Ilikuwa sura moja, kovu moja juu ya nyusi. Halafu aliacha sura akaangalia nguo.

Akina mama wa parokia za Likasi wana desturi yao. Sikukuu kubwa haipiti bila kitambaa chake. Kinachorwa, kinachapwa, kinashonwa kwa siku moja, na wote wanaingia kanisani kama shamba lililochanua ua moja. Muulize mama wa pale mwanawe alibatizwa mwaka gani. Kabla hajakutajia mwaka atakutajia kitenge alichokuwa amevaa. Émérence alisali parokia nyingine, hakuvijua vitenge vya Kikula. Lakini alijua nani anavijua.

Hortense alishonea barazani, mtaa wa tatu kutoka sokoni, mguu juu ya cherehani, pini nne mdomoni. Alikuwa fundi wa akina mama wa parokia tangu ujana wake. Émérence alimwonyesha ile picha kwenye simu, akaikuza mpaka zikabaki nguo tu.

"Hizi bikwembe unazijua?" aliuliza, kwa maana kitenge huko huitwa kikwembe.

Hortense alitoa pini mdomoni moja moja. "Minye nisizijue? Hii ya mauve ni ya jubilé. Miaka makumi tano ya paroisse."

"Ilitoka lini?"

"Mwaka huu! Pasaka. Ballot ya bitambaa ilifika siku tatu tu mbele ya fête. Nilishona mpaka machine ikaniuma kidole. Angalia kovu."

Émérence aliangalia kovu kwa heshima yake. "Una hakika si 2022?"

"2022 hata dessin yake ilikuwa haiyachorwa, mama. Na angalia hapa ku mukingo, mwaka iko imeandikwa." Alivuta kipande cha zambarau kutoka kikapu cha mabaki. Kweli, pembeni paliandikwa kwa herufi ndogo nyeupe jina la parokia na 2025. Kwenye picha ya ukutani, chupa kubwa ilikuwa imekaa juu ya pindo lile.

"Na ya manjano?"

"Ya zamani. 2019, fête ya Mama Maria."

"Lakini kikwembe ya 2019 muntu anaweza kuivaa hata leo."

"Anaweza. Si Angèle." Hortense alipiga paja, akacheka. "Ile ya Angèle niliikata minye mwenyewe na hii mikasi. 2020. Mutoto wake Bénie alikuwa anaingia mu chorale ya batoto ku kanisa, nikatosha mule robe mbili za mutoto. Moja ilitoboka. Ingine iko hapa, yaya ya Angèle, dada yake mukubwa, aliniletea niipanue juu ya mutoto mwingine."

Aliinuka, akarudi na gauni dogo la manjano lenye vikombe vyekundu, kiuno chake kama cha mtoto wa miaka sita. Émérence alilishika mikononi. Alisema polepole, kama anayepanga sahani:

"Kikwembe mupya haiwezi kuvaliwa mbele ya kuchapwa. Basi ile picha ya mugonjwa si ya 2022. Ni ya mwaka huu. Na kikwembe yenye ilikatwa haiwezi kurudi ku mwili ya mwenyewe. Basi ile picha ya munene ni ya mbele ya 2020, kikwembe ingali haiyakatwa. Bumi ilianza kujaza chupa 2023."

Hortense alilitazama gauni, kisha picha kwenye simu.

"Donc balizigeuza?" akasema mwishowe. "Balikamata ya leo bakaifanya ya zamani? Inspectrice, basi Angèle hakunona. Angèle njo anakonda!"

"Utaweka hiyo ku karatasi, na jina yako?"

"Leta bic."

"Rolly iko na bantu bakubwa."

"Na minye niko na mikasi," Hortense alisema. "Leta bic, mama, jua inaenda."

Nyumba ya Angèle ilikuwa nyumba nyembamba ya matofali, na mlangoni pake meza ndogo ya unga na dagaa. Mumewe aliyekuwa fundi wa kiwanda alikwisha kufa. Jirani alipomwona mgeni amesimama, alileta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa upindo wa nguo yake, akaenda zake bila kuuliza lolote.

Angèle alikuwa mkekani, mgongo ukutani. Émérence hakuhitaji kutazama simu. Huyu alikuwa wa kushoto.

"Muko ba polisi?"

"Hapana, mama. Minye ni wa contrôle ya bikulya na binywaji. Kalenga, Émérence."

"Muliona picha yangu."

"Niliona zote mbili."

"Basi munajua yote. Nilikuwa na sukari, nilikunywa Bumi, Mungu akanitendea." Alisema kama mtoto anayetamka somo alilokariri.

Émérence hakubisha. Aliangalia katoni kwenye pembe. "Unakunywaka chupa ngapi mu siku?"

"Ine. Siku ingine tano."

"Na kiu?"

"Kiu haitoke."

"Usiku unaamuka kwenda inje?"

"Mara mingi sana. Mutoto anasema ninaamsha kuku." Alicheka kidogo, na cheko likamchosha.

Émérence aliandika. Dada yake mwenyewe alikuwa na sukari. Aliijua kiu ile. Kadiri maji yalivyoshindwa kumponya Angèle, ndivyo alivyozidi kuyanywa. Muuza maji gani angetaka mteja bora kuliko huyu?

"Mama Angèle, hii kikwembe ya mauve, uliivaa wapi?"

"Ku jubilé."

"Jubilé ya mwaka gani?"

Angèle aligeuza macho mlangoni. Nje kuku alipita, akarudi.

"Munaniuliza juu ya kikwembe?"

"Ninakuuliza juu ya kikwembe."

Ndipo yalipotoka, kidogo kidogo. Yaya yake alisali kanisa la maombi, na pale wanafundisha hivi: mtu hangoji kupona ndipo ashukuru. Anashukuru kwanza, mbele ya wote, na mwili unafuata. Angèle alikwenda naye Jumapili moja baada ya Pasaka, akasimama, akashukuru kwa sukari ambayo haijaisha. Rolly Numbi alikuwa kwenye viti vya mbele.

"Alinifuata inje. Alisema, Maman, leta picha ya mubaya na picha ya muzuri. Nilimuletea. Nilimuambia, Directeur, ya muzuri ni ya zamani, mbele ya ugonjwa. Alisema haina shida, Mungu hana calendrier." Alivuta pumzi. "Shikusema uongo, Inspectrice. Nilisema kitu yenye itakuya."

"Ninakusadiki."

"Kweli?"

"Kweli. Na dawa?"

Angèle aliinua mkono, akatoa chini ya mto mfuko mdogo wa dispensari, umefungwa fundo. "Niliacha mwezi ya sita, siku balibandika picha ku mur ya soko. Sura yangu iko pale inasema nimepona. Nitapita chini yake na dawa mu mukono? Bantu batasema nini?"

"Imani yako shitaigusa, mama. Lakini unajua Papa Georges?"

"Wa menuiserie? Alitengenezea Bénie kitanda. Alikatala kukamata hata kintu, alisema mutoto wa mujane ni wa kila muntu."

"Iko hospitali. Alitupa dawa yake, akakunywa Bumi. Balimukuta haitike."

Angèle alimkazia macho. "Juu ya nini alitupa?"

"Karatasi ya chupa ilikuwa imebandikwa ku kichwa ya kitanda yake. Na sura yako juu."

Angèle aliushika ule mfuko wa dawa kwa mikono miwili. Émérence akatoa karatasi ya maelezo, akaiweka juu ya goti la Angèle pamoja na kalamu. Angèle aliisoma yote, midomo ikitembea. Akaisukuma.

"Shiwezi. Nikisema na kinywa yangu kama niko mugonjwa, nimeua uponyaji yangu."

"Basi usisaini." Émérence aliikunja karatasi bila kukunja uso. "Kesho mbele ya saa sita niko mu bureau ya Chef Germain. Na muuguzi wa dispensari alinituma neno: ukuye saa yoyote. Hatakugombeza. Alilirudia mara mbili hilo, eti hatakugombeza."

Alipotoka, alimkuta yule jirani akichota unga wa Angèle kwa mteja, akiweka malipo ndani ya kopo la Angèle. Waliamkiana kwa kichwa.

Ijumaa, saa tano na nusu, Rolly Numbi alikuwa amekwisha kukaa. Shati lake lilikuwa jeupe, na juu ya meza ya Chef Germain alikuwa ameweka chupa tatu za Bumi za baridi, kila mmoja na yake. Pembeni yake ilikuwa karatasi ya kufungua muhuri, imekwisha kupigwa mashine, imebaki sahihi tu.

"Mama Inspectrice!" Rolly alisema. "Banasema umeacha labo, sasa unapima mayi na bikwembe?"

"Mayi yako Joachim aliipima, Directeur. Iko safi."

Rolly hakulitegemea hilo. Aligeuka. "Chef, umesikia? Na kinywa yake!"

"Iko safi," Émérence alirudia, "na ningeikunywa. Hii njo haiyapimwa." Akaweka kidole juu ya karatasi ya buluu ya chupa. Kisha alifungua mfuko wake, akavipanga vitu mezani kimoja kimoja: kipande cha zambarau chenye mwaka pembeni, gauni dogo la manjano, maelezo ya Hortense yenye sahihi, na ile picha ya ukutani. Alieleza kama alivyoeleza barazani, bila kupandisha sauti.

Chef Germain alilishika lile gauni. Alilipima kwa macho dhidi ya picha, akakigeuza kipande cha zambarau, akausoma mwaka.

"Rolly?"

"Couturière, Chef! Leo mushonaji wa nguo, kesho atakuletea muuza makala ya kupikia." Rolly alicheka. "Témoignage iko na mwenyewe. Maman Angèle aseme kama alidanganya. Yeye mwenyewe asipokatala, kikwembe itamukatalia?" Alitazama mlango, kisha Émérence. "Iko wapi shahidi yako?"

Émérence naye aliutazama mlango. Saa ya ukutani ilikuwa sita kasoro dakika kumi na tano.

Germain alisugua uso. "Émérence, bakubwa ba Lubumbashi balipiga simu mara mbili asubuhi. Dossier yako ni muzuri, lakini mwenye maneno hayakuya. Weka signature. Tutafungua, kisha tutaendelea na enquête, kuchunguza pole pole."

"Hapana, Chef."

"Comment, hapana?"

"Minye nilifunga, minye shitafungua. Sheria inakupatia weye nguvu ya kufungua bila minye. Basi fungua. Jina yako, cachet yako, peke yako. Na siku muntu wa pili atalala kama Papa Georges, batasoma hapa chini nani alifungua mulango."

Kalamu ilikuwa mezani katikati yao. Hakuna aliyeigusa.

"Mama," Rolly alisema kwa sauti ya upole, "unabakia na miezi kumi na ine ku retraite, upumuzike kazi. Shida unaitafutia nini?"

"Miezi kumi na ine ni mingi, Directeur. Nitafunga maghala kiasi gani mule!"

Mlango ulisukumwa. Aliyeingia kwanza alikuwa yule jirani, na begani mwake, amemwegemea, Angèle. Wametoka Kikula kwa miguu kwa sababu pikipiki ilimtikisa mno akaomba ashushwe; walikuwa wamepumzika mara tatu njiani. Rolly alisimama.

"Maman Angèle! Haukupashwa kujichokesha—"

"Ukae, Directeur."

Alichukua chupa moja juu ya meza, akaiinua, akaiweka karatasi yake ya buluu karibu na shavu lake.

"Chef, muniangalie. Hii ya kushoto banasema ni 2022. Ni minye wa leo. Hii ya kulia ni minye wa zamani, bwana wangu iko angali muzima. Nilimuambia Directeur. Alijua. Shiyapona. Niko na sukari, na tangu mwezi ya sita ninaenda tu chini."

"Maman, tulisikilizana," Rolly alisema. "Imani—"

"Imani ilikuwa yangu. Nilisimama nayo mbele ya Mungu, si mbele ya soko. Ni weye uliitia ku chupa, Papa Georges akaikunywa."

Rolly alimgeukia Germain, mikono wazi. "Bon. Hakuna shida. Tutatosha picha ku chupa. Jina pia. Tutaacha maneno ingine tu, malori iende."

Germain aliichukua chupa kutoka mkononi mwa Angèle, kwa uangalifu, kana kwamba anapokea kikombe cha chai. Alisoma kwa sauti: "Inafukuza madini mwilini. Hii nayo, Rolly, iko na shahidi?"

Rolly aliangalia simu yake.

"Baba yangu alifanya miaka makumi tatu ku four, ku tanuru ya kiwanda," Germain alisema. "Ungemuuzishia hii, angekunywa mpaka kufa." Akaivuta ile karatasi ya kufungua, akapiga mistari miwili kutoka pembe hadi pembe, na kwa mwandiko wake mbaya akaandika chini: muhuri unabaki mpaka karatasi ya mwisho ya buluu itolewe kwenye chupa ya mwisho, na picha zote zishushwe mjini. Aliweka sahihi. Aligonga cachet.

Simu ililia. Rolly alitabasamu kidogo. "Ni Lubumbashi."

Germain alipokea akiwa amesimama. "Ndiyo, mukubwa… Hapana, haikufunguliwa… Ndiyo, ninajua ni nani." Alimtupia jicho Émérence. "Kama munataka ifunguliwe, munitumie barua. Na jina ya mwenye kuandika chini. Yote." Akasikiliza kidogo, akaitazama simu. "Balikata," alisema.

Angèle alikuwa ameanza kuteleza begani mwa jirani. Germain aliizunguka meza, akabeba kiti chake mwenyewe chenye mto, kiti ambacho hata naibu wake hajawahi kukikalia, akakiweka pale pale alipokuwa amesimama Angèle, mbele ya mlango. Wakamkalisha. Émérence alipiga magoti kando yake na ile karatasi ya maelezo, akaanza kuandika aliyoyasikia.

"Dispensari inafunga saa ngapi leo?" Angèle aliuliza.

"Haitafunga mbele yako. Nitakupeleka mwenyewe."

"Basi andika. Jina yangu uandike yote. Angèle Kazadi, mujane, muuza unga, wa Kikula. Si Mama Angèle tu, kama ku chupa. Basiseme kesho ni muntu mwingine njo alisema."

Émérence aliandika yote. Rolly alikuwa amekwisha kukusanya simu yake na miwani yake, alitaka kutoka kuyawahi malori yaliyokuwa yakimsubiri ghalani, lakini kiti kilikuwa kimeziba mlango.

"Pardon, Maman. Nipite."

Angèle hakuinua kichwa. Alichukua kalamu, akaanza kuandika jina lake herufi moja baada ya nyingine, polepole, kama alivyofundishwa na masista zamani, na Rolly Numbi akasimama pale akimsubiri amalize.